Snf2 ikiondoka promota ikajifunga: nani alianza?

Swali. Daktari, nimefuta kwenye hamira jeni ya SNF2, inayotengeneza protini Snf2, injini ya mashine iitwayo SWI/SNF. RNA ya SUC2, jeni ya invertasi (kimeng'enya kinachovunja sukrosi), imeshuka hadi kama sehemu moja ya kumi ya ile ya hamira ya kawaida, na jeli ya MNase (kimeng'enya kinachokata DNA) inaonyesha nukleosomu, yaani DNA iliyozungushwa kwenye protini za histoni, zimekaa juu ya promota, sehemu ya DNA inayoiwasha jeni. Msimamizi wangu anauliza nitajuaje kwamba SWI/SNF ndiyo inayofungua kromatini (DNA pamoja na protini zake), na si kwamba promota imejifunga baada ya jeni kuacha kunakiliwa. Jeli zenyewe hazifanani juma hadi juma. Nina mashine ya qPCR ya kupima wingi wa DNA, sina fedha za kusoma jinomu nzima. Nianzie wapi?

Jibu. Anza na jeli, Snf2 itasubiri. Tyubu mbili zilizomeng'enywa kwa viwango tofauti zinaweza kukuonyesha promota iliyofungwa na iliyofunguka hata kama ndani ya seli hakuna kilichobadilika. Kama vipimo havijirudii, swali la msimamizi bado hujalifikia. Lakini nitamjibu yeye kwanza, maana jibu lake ndilo litakaloamua utengeneze aina zipi za hamira wakati ukiendelea kunyoosha jeli.

Ulichonacho sasa ni mambo mawili yaliyotokea pamoja: RNA imeshuka, promota imejifunga. Hamira yako imeishi vizazi vingi bila Snf2 kabla hujaivuna. Katika muda huo jeni nyingine nyingi zinazoitegemea SWI/SNF zimeyumba, ukuaji umepungua, na kuna jingine ambalo wengi hulisahau: hamira hizi hujitibu. Mabadiliko ya jeni yanayorudisha nguvu bila SWI/SNF yanajulikana tangu miaka ya 1980 kwa jina la SIN, na baadaye ikaonekana kuwa baadhi yake yamo kwenye jeni za histoni zenyewe. Kwa hiyo koloni inayokua haraka kuliko wenzake kwenye sahani ya snf2Δ (hamira iliyofutwa SNF2) haifai kuchaguliwa. Hiyo imeshapata njia yake ya kukwepa tatizo. Toa hamira mpya kwenye friza kila jaribio, usiihamishe sahani hadi sahani kwa miezi.

Una bahati na jeni uliyoichagua. SUC2 ndiyo iliyoipa SWI/SNF nusu ya jina: SNF zilikuwa hamira zilizoshindwa kuchachusha sukrosi, SWI zilishindwa kubadili aina yao ya kujamiiana, na Swi2 na Snf2 zikaja kuonekana ni protini moja. Swali la msimamizi wako nalo si geni. Mwaka 1992 maabara ya Fred Winston kule Harvard ililigusa kwenye SUC2 hiyohiyo: kasoro kwenye promota zilizopunguza unakili (nikisema kunakili nina maana ya kutoa RNA kwenye DNA, si kurudufu DNA) hazikuifanya kromatini ifanane na ya hamira zilizokosa Snf2 au Snf5, sehemu nyingine ya SWI/SNF. Kisha walipofuta seti moja kati ya mbili za jeni za H2A na H2B, yaani kupunguza histoni, SUC2 ikaamka tena na kromatini yake ikarudi kufanana na ya kawaida, ingawa Snf5 bado haipo. Mantiki ndiyo unayoihitaji: ondoa unakili ukiacha kipangaji cha kromatini, yaani SWI/SNF, mahali pake, kisha ondoa kipangaji, halafu uangalie nukleosomu zinamfuata nani. Tofauti ni kwamba leo unaweza kuongeza saa. Unaweza kuiondoa Snf2 kwa dakika, ukaona kipi kinatangulia.

Kwanza, kumeng'enya

MNase hukata DNA iliyo wazi kati ya nukleosomu na kuacha vipande vya karibu jozi 147 za besi, ile DNA iliyozungushwa kwenye histoni nane. Kwenye hamira nukleosomu hujirudia kila jozi 165 hivi, kwa hiyo jeli nzuri ina bendi karibu na 150, 310 na 480, kama ngazi. Ugumu ni kwamba kimeng'enya hiki hakitulii. Kikimaliza kilicho wazi huanza kutafuna kingo za nukleosomu, na kina upendeleo mkubwa kwa sehemu zenye A na T. Promota za hamira zimejaa A na T. Ukimeng'enya kupita kiasi, promota huonekana tupu hata kama nukleosomu zilikuwapo. Ukimeng'enya kidogo, nukleosomu dhaifu ambazo zingepotea huonekana imara.

Chukua mililita 100 za hamira yenye OD (kipimo cha wingi wa seli kwa mwanga) ya 0.5 kwenye nanomita 600. Kwa SUC2, kuza kwenye glukosi 2%, izungushe kwenye sentrifuji, ioshe kwa maji ya joto lilelile, kisha irudishe kwenye midia ya glukosi 0.05% kwa saa mbili na nusu. Usitumie rafinosi kama njia ya kuiamsha jeni kwenye jaribio hili: hamira ya kawaida itaila, snf2Δ haitaweza, na utakuwa unalinganisha walioshiba na wenye njaa. Usizidishe wingi wa seli pia, maana glukosi ya 0.05% huisha upesi.

Natisha protini kwenye DNA kwa mililita 2.7 za formaldehaidi ya 37%, ambayo inakupa karibu 1%, dakika 15 kwa joto la chumba huku chupa ikitikiswa. Zima kwa mililita 5 za glisini ya 2.5 M, ngoja dakika 5, osha mara mbili kwa maji baridi. Sasa ukuta wa seli. Weka seli kwenye sorbitoli ya 1 M, Tris ya 50 mM yenye pH 7.4 na beta-merkaptoethanoli ya 10 mM, kisha zaimoliezi, kimeng'enya kinachoyeyusha ukuta. Hapa ndipo nadhani majuma yako yanatofautiana. Seli zilizonyimwa glukosi hazivuliki ukuta kwa kasi ya seli zilizoshiba, na snf2Δ haivuliki kama ya kawaida. Ukiweka dakika 30 kwa zote kwa sababu maelekezo yanasema 30, baadhi ya seli zitabaki na ukuta na MNase haitaingia ndani yake. Fuata seli, si saa: kila dakika 5 chukua tone, changanya na SDS ya 1% kwenye kioo cha darubini, uone ni ngapi zimebaki ziking'aa na ngapi zimekuwa vivuli. Simamisha zikifika tisa kati ya kumi, hata kama hamira moja imechukua dakika 20 na nyingine 45.

Kosa hili lina alama yake kwenye jeli. Ukiona DNA nzito iliyokwama karibu na visima juu, na wakati huohuo bendi moja ya chini iliyofifia na kushuka chini ya 147, huna mmeng'enyo wa kati; una makundi mawili ya seli, moja halijaguswa na jingine limetafunwa. Kuongeza kimeng'enya hakutarekebisha. Rudi kwenye ukuta.

Ukishavua ukuta, zungusha taratibu, mwaga maji ya juu, na ulegeze tope la seli kwenye mililita 3 za bafa: NaCl 50 mM, Tris 10 mM ya pH 7.4, MgCl₂ 5 mM, CaCl₂ 1 mM, spemidini 0.5 mM, beta-merkaptoethanoli 1 mM na NP-40 ya 0.075%. Kalsiamu ndiyo ufunguo wa MNase. Bafa yoyote ya awali iliyokuwa na EDTA, hata mabaki yake, itakuibia kalsiamu hiyo, nawe utalaumu kimeng'enya. Gawa kwenye tyubu za mikrolita 500: moja isiyo na MNase, nyingine zenye kipimo kinachopanda karibu mara mbili na nusu kila hatua, tuseme vizio 2, 5, 12, 30 na 75. Usinakili namba hizi kama amri. Kampuni hupima kizio kwa njia tofauti, na tofauti ya mara kumi kati ya lebo mbili ni jambo la kawaida. Ukifungua chupa mpya, rudia ngazi yote. Gawa MNase kwenye tyubu ndogondogo tangu siku ya kwanza, tyubu iliyoyeyushwa isirudi kwenye friza.

Pasha dakika 5 kwenye 37°C, kisha anza tyubu moja kila sekunde 30 ili uweze kuzizima kwa mpangilio uleule dakika ya 20. Kizimio ni mikrolita 125 za SDS 5% na EDTA 100 mM. Weka proteinezi K ifikie 0.2 mg/ml, acha 65°C usiku kucha. Joto hilo ndilo linaloachanisha kile formaldehaidi ilichonatisha. Asubuhi safisha kwa fenoli na klorofomu, shusha DNA kwa ethanoli, weka RNase A saa moja kwenye 37°C. Usiruke RNase: RNA hupita kwenye jeli kama wingu palepale unapotaka kuona bendi ya chini, na huvuruga kipimo cha DNA.

Sasa kanuni ambayo ningeiandika ukutani: usilinganishe tyubu zenye vizio sawa, linganisha tyubu zenye mmeng'enyo sawa. Kama hamira ya kawaida imefika bendi moja kwa asilimia 75 hivi kwenye vizio 12, na snf2Δ imefika hapo kwenye 30, basi hizo mbili ndizo ndugu. Kinachoamua ni uwiano wa kimeng'enya na kromatini, na OD haikuambii kromatini ni kiasi gani kwa sababu seli zinatofautiana ukubwa. Kisha peleka jozi mbili, si moja: iliyomeng'enywa kidogo na iliyomeng'enywa vizuri. Tofauti ya promota ikionekana kwenye jozi zote mbili, unaweza kuiamini. Ikionekana kwenye jozi moja tu, umepata nukleosomu inayokatika kirahisi, jambo ambalo lina maana yake lakini si lile unalodai.

Kupima kwa qPCR

Huhitaji jinomu nzima kwa promota moja. Kata bendi ya nukleosomu moja kwenye jeli, isafishe, kisha panga praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) zinazotembea juu ya promota kila jozi 30 hivi, kuanzia jozi 700 kabla ya mwanzo wa jeni hadi 300 ndani yake. Vipande viwe vifupi. Sababu ni hesabu ndogo: kipande cha PCR huonekana tu kama kimeingia chote ndani ya jozi 147 zilizolindwa. Kipande cha jozi 70 kina nafasi 78 za kukaa ndani ya nukleosomu. Cha jozi 120 kina nafasi 28 tu. Ukitumia vipande virefu utaona mabonde yasiyokuwapo, na nukleosomu iliyosogea jozi 20 itaonekana kama imeng'olewa.

Kwa kila praima gawanya kiasi cha DNA ya nukleosomu kwa kiasi cha DNA ambayo haikukatwa, ya hamira ileile. Hiyo huondoa tofauti za nguvu ya praima. Kisha gawanya tena kwa nukleosomu ya rejea iliyokaa imara ndani ya jeni isiyobadilika kati ya hali zako. Rejea moja haitoshi; weka mbili, na uongeze sehemu ya promota inayojulikana kuwa wazi daima ili ujue sifuri yako iko wapi. Mteremko wa kila praima kwenye mfululizo wa kuzimua mara kumi uwe kati ya −3.6 na −3.1. Ikiwa nje ya hapo, tupa praima.

MNase peke yake hukuambia DNA imelindwa au haijalindwa, haikuambii na nini. Ndiyo maana utahitaji ChIP ya H3, yaani kunasa kwa kingamwili DNA iliyoshikwa na histoni H3, kwa sampuli zilezile, kromatini ikiwa imevunjwa kwa sauti hadi jozi 200 au 300. MNase ikishuka na H3 ikashuka, histoni zimeondoka. MNase ikishuka na H3 ikabaki, nukleosomu imesogea au imelegea. Kwa SWI/SNF zote mbili zinawezekana, kwani hutelezesha na pia hung'oa, kwa hiyo usiandike neno moja pale ulipopima jingine.

Na RNA? Kumbuka SUC2 hutoa RNA mbili: ndefu ya invertasi inayotolewa nje ya seli, ambayo glukosi huizima, na fupi kidogo ya invertasi ya ndani ambayo huwapo daima kwa kiwango kidogo. Praima zilizo katikati ya jeni husoma zote mbili, ndiyo maana sifuri yako haishuki hadi sifuri. Weka praima ya mbele kwenye sehemu ya alama ya kutolewa nje, iliyo kwenye RNA ndefu tu. Hata hivyo RNA iliyokwisha kutengenezwa huendelea kuwapo baada ya unakili kusimama. Kwa swali la nani alianza, kipimo chako cha unakili ni ChIP ya polimerasi II yenyewe, kimeng'enya kinachonakili, juu ya mwili wa jeni, kwa kingamwili ya sehemu yake ya Rpb1 au Rpb3.

Kuondoa Snf2 kwa dakika

Kuna njia mbili zinazotumika. Ya kwanza huhamisha protini kutoka kwenye kiini kwa rapamaisini: Snf2 inavikwa FRB, protini ya ribosomu inavikwa FKBP12, rapamaisini ya 1 µg/ml inazishikanisha na Snf2 inavutwa nje. Ni ya haraka sana, lakini kwako ina mtego. Rapamaisini huzima TOR, na TOR ndiyo inayoiambia seli kuna chakula au hakuna. Hamira lazima iwe na tor1-1 na fpr1Δ, mabadiliko yanayoifanya isiathiriwe na rapamaisini, na hamira hiyohiyo isiyo na FRB ipewe rapamaisini kama rejea. Bila hayo utakuwa umeleta njaa ya bandia kwenye jaribio linalohusu njaa.

Ya pili ni digroni ya oksini, yaani mkia unaofanya protini iharibiwe ikipewa homoni ya mimea iitwayo oksini, na kwako ningeanza nayo. Snf2 inavikwa mkia wa AID, seli inatengeneza protini ya TIR1 ya mpunga, unaweka oksini ya 500 µM na proteasomu inaimaliza Snf2. Kabla ya kufanya lolote jingine, jaribu kama mkia umeiumiza protini: pandikiza hamira bila oksini kwenye sahani ya rafinosi yenye antimaisini A (dawa inayozuia upumuaji) ya 1 µg/ml. Snf2 ikiwa nzima itakua kama ya kawaida. Ikikua polepole, ama mkia umeiumiza, ama TIR1 inavujisha, yaani Snf2 inaharibiwa hata kabla hujaweka oksini, na saa yako haina sifuri. Dawa ya kuvuja ni kupunguza TIR1, au kutumia TIR1 iliyobadilishwa ya F74G pamoja na oksini yake maalumu ya 5-Ph-IAA, inayofanya kazi kwa kiwango kidogo sana.

Pima Snf2 kwa kingamwili dakika 0, 10, 20, 40 na 60, na uipime kwenye midia ileile utakayotumia. Digroni hula nishati, na seli zilizonyimwa glukosi ghafla zinaweza kuchelewa kuimaliza protini kuliko zilivyofanya kwenye glukosi 2%. Sampuli ya rejea ipate kiasi kilekile cha kiyeyusho kisicho na oksini.

Halafu una majaribio mawili tofauti, na watu huyachanganya. La kwanza: glukosi 2%, oksini dakika 30, kisha hamishia kwenye 0.05% bila kuacha oksini. Hapo unauliza kama Snf2 inahitajika kufungua. La pili: SUC2 imeshaamka kwenye 0.05%, ndipo unaweka oksini. Hapo unauliza kama inahitajika kuiweka wazi. Tangu 1999 kuna ushahidi kuwa SWI/SNF inahitajika kuendeleza unakili, si kuuanzisha tu, kwa hiyo jaribio la pili lina nafasi nzuri ya kutoa jibu. Nalo ndilo lenye thamani zaidi kwa msimamizi wako, kwa sababu linaanza na jeni inayonakiliwa na promota iliyo wazi, na kitu kimoja tu kinabadilika.

Upande wa pili wa mizani

Jaribio la oksini peke yake halitoshi kama promota na polimerasi zitaanguka kwa pamoja. Unahitaji hamira ambayo unakili umezimwa na Snf2 ipo. Haribu TATA ya SUC2, mfuatano wa promota unaosaidia polimerasi kuanza, palepale kwenye jinomu. Badilisha herufi chache tu na usiguse urefu, ili praima zako zibaki halali. Na hapa kuna mtego: ukibadili A na T kuwa G na C, umebadili pia mahali MNase inapopenda kukata. Nukleosomu inaweza kuonekana imeongezeka kwenye eneo hilo kwa sababu hiyo tu. Usiitegemee MNase peke yake kwa hamira hii. ChIP ya H3 ndiyo mwamuzi.

Usomaji wake ni huu. TATA imeharibika, polimerasi haipo, lakini glukosi ikishuka promota inafunguka. Ukiongeza oksini haifunguki: kipangaji ndicho kinachofungua, unakili si sharti. Kama promota ya TATA mbovu haifunguki hata Snf2 ikiwapo, msimamizi wako ana hoja. Kama inafunguka nusu, basi polimerasi nayo ina mchango, hasa karibu na mwanzo wa jeni na ndani ya mwili wake, ambako kupita kwa polimerasi kunajulikana kuvuruga nukleosomu. Ndiyo sababu ya kutenganisha praima za promota na za mwili wa jeni unapochora. Wastani wa vyote ungelificha jibu hili.

Kwa PHO5, promota iliyochunguzwa sana kwa upande huu, nukleosomu nne huondoka fosfeti ikiisha, na huondoka hata TATA ikiwa imeharibiwa. Lakini PHO5 ina somo jingine la kukutahadharisha. Bila Snf2 bado hufunguka, ila kwa kuchelewa, wakati PHO8, inayoamshwa na kiamshi kilekile, Pho4, haifunguki kabisa. Mtafiti aliyepima PHO5 mwishoni mwa saa nyingi angesema Snf2 haina kazi pale. Vipangaji vingine kama RSC na INO80 huziba pengo wakipewa muda. Matokeo ya kwamba hakuna tofauti hayana uzito mpaka uwe na vituo vya mwanzo: 0, 10, 20, 40, 60, 120.

Je, Snf2 iko pale, na inasukuma?

Kuonyesha kwamba Snf2 imekaa juu ya promota ni kugumu kuliko inavyosemwa. Haishiki DNA kwa nguvu kama kiamshi, na formaldehaidi pekee mara nyingi huikosa. Tanguliza EGS, kemikali nyingine ya kunatisha, ya 1.5 mM dakika 30, kisha formaldehaidi. EGS iyeyushwe kwa DMSO na kuwekwa kwenye PBS. Ukiiweka kwenye Tris, Tris itaila yote kwa sababu ina amini.

Ukipata kilele juu ya SUC2 iliyoamka, usishangilie bado. Jeni zinazonakiliwa sana hunasa protini yoyote kwenye ChIP, na mwaka 2013 ilionyeshwa kwenye hamira kwamba hata GFP, protini inayong'aa isiyo na kazi yoyote kwenye kromatini hutoa vilele juu ya jeni hizo. Rejea zako mbili: hamira ambayo Snf2 yake haina lebo ya kunaswa na kingamwili, na hamira yenye GFP tupu iliyopelekwa kwenye kiini. Kuna nyingine unayo tayari bila gharama: hamira ya TATA mbovu. Snf2 ikibaki pale wakati unakili haupo, kilele hicho hakikuletwa na unakili.

Kuwepo si kufanya kazi, kwa hiyo jaribio la mwisho ni snf2-K798A, yaani Snf2 ambayo lisini ya 798 imegeuzwa kuwa alanini. Lisini hiyo hushika fosfeti za ATP; ikibadilishwa, protini hujengwa lakini injini haiwaki. Iweke kwenye hamira ya digroni ikiwa na promota yake yenyewe na bila mkia wa AID, hakikisha kwa kingamwili kuwa wingi wake unalingana na wa kawaida, kisha ondoa Snf2 nzima kwa oksini. Promota ikijifunga ilhali K798A imejaa tele, umeonyesha kuwa ni nguvu ya ATP inayohitajika, si mwili wa Snf2 kukaa pale kama kiti. Usiache kulinganisha na K798A kabla ya oksini, maana injini mbovu iliyokaa kwenye nafasi ya nzima inaweza kuzuia kazi.

Kazi ya nje ya seli, yaani nukleosomu zilizojengwa kwenye mfuatano wa DNA uitwao 601 na SWI/SNF iliyosafishwa, ningeiacha. Itathibitisha kuwa SWI/SNF huvuruga nukleosomu ikipewa ATP, jambo lililojulikana tangu 1994, na halitasema lolote kuhusu SUC2 ndani ya seli yako.

Kuhusu marudio: tyubu mbili za chupa moja ni rudio moja. Unahitaji chupa tatu zilizoanzia koloni tatu, siku tatu, kila moja na ngazi yake ya MNase. Kwa vituo sita vya muda na hamira nne hiyo ni kazi nyingi, basi punguza praima, usipunguze siku. Jozi nane za praima zilizochaguliwa vizuri baada ya ramani ya kwanza zinatosha.

Jambo moja litakalokukwamisha ukifika kwenye jaribio la oksini: promota na polimerasi zitaonekana zimeanguka pamoja dakika ya 20. Kabla ya kukata tamaa, angalia unavyochukua sampuli. Ukimwaga seli kwenye sentrifuji kwanza, umeziongezea dakika tano au zaidi za kuishi bila hewa na kwenye midia inayobadilika, na tofauti ya dakika chache unayoitafuta imefutika. Formaldehaidi iingie moja kwa moja kwenye chupa inayotikisika, kwenye 30°C ileile, na sekunde unayoimimina ndiyo saa ya kuandika kwenye daftari. Kisha weka vituo kila dakika 4 kati ya 8 na 28, uchore Snf2, H3 ya promota na Rpb3 kwenye grafu moja, kila moja ikianzia 100 kwenye sifuri, na usome muda ambao kila mstari unakata 50.